Mazoezi yanalinda mwili, vumbi linauharibu

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumbani,

Unapokimbia au kucheza mpira, misuli inachoma chakula kwa oksijeni ili ipate nguvu. Sehemu ndogo ya oksijeni hiyo inageuka kuwa kali na kuharibu chembe za mwili, kama vile kutu inavyokula chuma.

Je, tuache mazoezi? Hapana. Mwili una walinzi wake. Mmoja ana shaba na zinki ndani yake, mwingine ana chuma. Madini haya mwili unayapata katika chakula, si katika vumbi. Ukifanya mazoezi kila juma, walinzi wanaongezeka. Lakini ukikaa miezi mingi bure, kisha ukakimbia siku moja mpaka kuishiwa nguvu, wanashindwa.

Vumbi nalo linaongeza ukali huo. Mwaka 2018 wachunguzi wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watoto wa Kasulo, kule Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi mwilini na dalili za uharibifu huo. Na mwenye kukimbia anavuta hewa nyingi zaidi, pamoja na vumbi lake.

Basi, hapa Likasi:

1. Anza pole pole, kisha ongeza kidogo kidogo.
2. Usikimbie karibu na kiwanda wala barabara ya malori.
3. Ukitoka kazini, oga na ubadili nguo kabla ya kubeba mtoto.
4. Kula bukari pamoja na sombe au lengalenga iliyooshwa vizuri, na matunda.
5. Kifua kikiuma, simama, umwone muganga.