Nani Ameshika Faili?

Kati ya Kilosa na Munisagara, reli ya zamani ya Kati ina njia moja tu, inayofuata bonde la Mto Mkondoa. Kwenye njia ya aina hii, stesheni masta haruhusu treni kuondoka kwa sababu tu amechungulia akaona njia nyeupe. Huiombea treni yake njia kwanza, na sehemu hiyo ikishakuwa yake, hakuna mwingine anayepewa. Kwenye kompyuta, watu wengi hufanya kinyume: huchungulia kama faili lina mtu, wakiona kimya wanaingia. Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Tuseme karani wa chama cha msingi cha ushirika anataka kubadili jina la faili la mizani ya ufuta, mizani.xlsx, na mwenzake amelifungua kwenye Excel. Windows itamkatalia na kumwambia kwamba faili limefunguliwa na programu nyingine. Kwenye Linux au macOS, jina hilohilo kwa kawaida hubadilika bila swali. Mifumo hii ina misingi tofauti.

Kwenye Windows, programu inapofungua faili hutamka pia inawaachia wengine nini: wasome, waandike, walifute, au wasiliguse kabisa. Mfumo wenyewe husimamia masharti hayo. Anayekuja baadaye na ombi linalogongana nayo hurudishwa na kosa namba 32. Linux na macOS, zinazofuata desturi ya Unix, huruhusu programu nyingi kufungua faili moja kwa pamoja. Kufuli zipo, lakini kwa kawaida ni za hiari: huzuia tu programu zinazouliza kabla ya kuingia. Linux iliwahi kuwa pia na kufuli za lazima, zikaondolewa katika toleo la 5.15 mwaka 2021, kwani hazikuwa za kutegemewa na waliozitumia walikuwa wachache.

Ukitaka kumjua aliyeshika faili, zana zipo. Kwenye Linux na macOS, fungua dirisha la amri uandike lsof, nafasi, kisha jina la faili. Utapata jina la programu, namba ya mchakato na mtumiaji. Amri hiyo iliandikwa na Vic Abell wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Usipokuwa na mamlaka ya msimamizi, huenda usione michakato ya watumiaji wengine, kwa hiyo jibu tupu si ushahidi kwamba faili liko huru. Kwenye Windows, fungua Resource Monitor, nenda sehemu ya CPU, uandike jina la faili kwenye kisanduku cha kutafutia. Mafundi wengi hupendelea Process Explorer ya Mark Russinovich, inayofanya kazi hiyo kwa kina zaidi.

Kuna ishara nyingine unayoweza kuiona kwa macho. Excel ikifungua mizani.xlsx, huweka pembeni, kwenye folda ileile, faili dogo lililofichwa liitwalo ~$mizani.xlsx. LibreOffice nayo, kwa faili la mizani.ods, huweka .~lock.mizani.ods# na ndani yake huandika jina la mtumiaji, la kompyuta, pamoja na tarehe na saa. Ndiyo maana programu inaweza kukuambia kwamba fulani ndiye aliyelifungua. Lakini umeme ukikatika ghafla, kifaili hicho huweza kubaki ilhali mwenyewe hayupo. Hakikisha kwanza kwamba hakuna aliyelifungua, ndipo ukifute.

Kuna na kinyume chake. Notepad husoma maandishi, huyaweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha huliachia faili. Maandishi unayaona kwenye skrini, umeshayahariri nusu saa, lakini kwa mfumo hakuna aliyelishika. Mwenzako akilibadilisha wakati huo, hakuna kufuli itakayomzuia, na ukihifadhi yako unaifuta kazi yake.

Linux ina jambo jingine linalowashangaza wasimamizi wa seva. Ukifuta faili ambalo programu bado imelishika, jina linatoweka lakini data inabaki kwenye diski hadi programu iliachie. Umefuta faili kubwa la kumbukumbu za matukio na diski bado imejaa? Andika lsof +L1, utaona yaliyofutwa majina lakini bado yameshikwa. Kuianzisha upya programu inayoyashika kutarudisha nafasi.

Kwa waandishi wa programu, funzo ni moja: usijenge kazi juu ya swali la kama faili linatumika. Kati ya kuuliza na kutenda kuna mwanya, hata uwe wa sehemu ndogo ya sekunde, na katika mwanya huo programu nyingine inaweza kuingia. Jibu lililokuwa la kweli ulipouliza laweza kuwa uongo unapoandika. Kwenye Windows, lifungue faili kwa sharti la kutoshirikisha mtu. Ukikubaliwa limekuwa lako, ukikataliwa subiri kidogo ujaribu tena. Kwenye Linux na macOS, omba kufuli kwa flock, na hakikisha programu zote zinazogusa faili hilo zinaomba vilevile.

Kama shida yako ni faili linaloendelea kunakiliwa, mfano takwimu zinazoingia kwenye folda ya pamoja, usikisie kwa kutazama kama ukubwa wake umetulia. Mtandao ukikwama kidogo, ukubwa nao hutulia, na utasoma nusu ya faili ukidhani ni zima. Afadhali anayetuma aandike kwa jina la muda, na akimaliza abadili jina kuwa la kudumu, ndani ya folda hiyohiyo. Anayepokea asome yenye jina la kudumu tu. Makubaliano hayo hayahitaji programu ya kununua, na hufanya kazi Windows, Linux na macOS. Yanahitaji tu pande zote mbili ziyafuate.