Ulaya kwa bajeti ya kijana: Usikimbilie tiketi ya bei poa kabla ya kupata viza

UKIPEKUA TikTok au Instagram usiku mmoja tu, hutakosa video ya kijana anayejigamba kwamba amesafiri kwa ndege kutoka London hadi Roma kwa nauli ya chini kama ya basi la Nairobi kwenda Mombasa. Nauli za aina hiyo zipo kweli. Kampuni kama Ryanair, Wizz Air na easyJet zimejijengea jina kwa kuuza viti kwa bei ya kutupa ndani ya Ulaya.

Shida ni kwamba ushauri mwingi unaoambatana na video hizo hutolewa na watu ambao pasipoti zao hazihitaji viza. Kwao safari huanza na tiketi. Wakiona ofa Jumanne wananunua, na kufikia Ijumaa wako hewani. Kwa Mkenya, mambo ni kinyume. Tiketi huja karibu mwishoni, na anayeanza nayo anaweza kupoteza akiba ya mwaka mzima kabla hata hajalikaribia lango la uwanja wa JKIA.

Hii haina maana kwamba safari hiyo ni ya matajiri pekee. Kijana mwenye kazi, biashara ndogo au akiba kwenye sacco anaweza kutembelea mji mmoja wa Ulaya kwa siku tano au sita bila kuingia kwenye madeni. Siri ni kujua kipi kinatangulia kipi.

Viza kwanza, ndege baadaye

Anza na pasipoti. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ilipanda mwaka 2024 kutoka Sh4,500 hadi Sh7,500, na maombi hupitia eCitizen. Kama tayari unayo, angalia tarehe. Nchi za eneo la Schengen zinataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye angalau kurasa mbili tupu, na ambayo itaendelea kutumika kwa miezi mitatu au zaidi baada ya siku utakayoondoka Ulaya.

Schengen ni muungano wa mataifa 29 yanayotambua viza moja. Ukipewa na Hungary, unaweza pia kuingia Austria, Ufaransa au Italia bila kuomba tena. Uingereza na Ireland hazimo. Hapo ndipo wengi huteleza: anayetaka kuunganisha Paris na London kwenye safari moja anahitaji viza mbili, ada mbili na makaratasi mara mbili. Tena, kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, ukitoka Paris kwenda London imekwisha. Huwezi kurudi Paris kupanda ndege ya kuja nyumbani.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ukihesabu Sh150 kwa kila yuro, hiyo ni Sh13,500, bila malipo ya kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi. Ukinyimwa viza, pesa hizo hazirudi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe hadi zikabaki siku chini ya 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45.

Unaomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Usidanganywe na anayekuambia utafute ubalozi 'rahisi' kisha uende kwingine.

Makaratasi yanayoamua

Afisa wa viza huwa na maswali mawili makubwa: je, una pesa za kujikimu ukiwa kule, na je, utarudi nyumbani? Kila karatasi unayopeleka inajibu mojawapo ya hayo.

Taarifa ya benki ya miezi kadhaa inaonyesha maisha yako yalivyo. Mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba inayotoka, akiba inayokua polepole: hiyo ni hadithi inayoeleweka. Akaunti iliyokuwa na Sh4,000 kisha ghafla ikapokea Sh300,000 wiki moja kabla ya kuomba inazua maswali. Kama fedha hizo zimetoka kwa chama au zimetokana na kuuza shamba, ambatisha ushahidi.

Aliyeajiriwa anahitaji barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na siku za likizo alizopewa. Mwanafunzi aje na barua ya chuo. Anayejiajiri, awe ni mpiga picha, fundi au mwenye duka la mitumba, anafaa kuwa na usajili wa biashara na rekodi za kodi za KRA. Vijana wengi huona kujaza ritani ya kodi kama usumbufu, kumbe siku moja ndiyo inayowasemea ubalozini.

Lazima pia uwe na bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau yuro 30,000. Bima hiyo huuzwa hapa nchini na kwa siku chache huwa si ghali.

Na tiketi je? Hapa ndipo penye kuokoa au kupoteza pesa. Kwa kawaida kinachohitajika kwenye maombi ni ushahidi wa nafasi ya ndege uliyohifadhi, sio lazima tiketi uliyoilipia yote. Soma orodha ya ubalozi husika, kisha umwombe ajenti akushikie nafasi, au ununue tiketi ambayo masharti yake yanasema wazi kwamba utarudishiwa pesa. Hoteli nazo, chagua zile unazoweza kufuta bila gharama.

Jihadhari na 'ajenti' wa mtandaoni anayekuahidi viza ya uhakika. Hakuna ajenti anayeweza kuhakikisha viza. Ajenti halali wa safari anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA), na unaweza kumuomba akuonyeshe. Anayekutengenezea taarifa feki ya benki anakuingiza boxi: alama zako za vidole na matokeo ya maombi yako huhifadhiwa kwenye mfumo mmoja unaosomwa na nchi zote za Schengen. Ukinyimwa kihalali, utapewa sababu kwa maandishi, una haki ya kukata rufaa na unaweza kuomba tena. Ukinaswa na karatasi ya uongo, doa hilo linakufuata.

Kwa nini bei ya ndege inaruka-ruka

Sasa tuje kwenye tiketi. Watu wawili wanaokaa kiti na kiti kwenye ndege moja wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazotofautiana kwa maelfu ya shilingi. Sababu ni kwamba kampuni za ndege hugawanya viti vya daraja la kawaida katika mafungu, kila fungu na bei yake. Viti vya fungu la chini vikiisha, mfumo unafungua fungu la juu. Ni kama matatu pale Odeon jioni mvua ikinyesha: gari ni lile lile, barabara ni ile ile, lakini wanaolitaka wameongezeka na nauli inapanda.

Kwa hivyo silaha yako kubwa ni tarehe. Kutoka Nairobi, miezi ya Julai na Agosti huwa ghali kwa sababu ni likizo ya Ulaya na pia msimu wa watalii kufurika Maasai Mara. Desemba na mwanzo wa Januari Wakenya wa ughaibuni wanakuja nyumbani na kurudi. Aprili na Mei, ukiondoa wiki ya Pasaka, watalii hupungua Kenya kwa sababu ya mvua ya masika, na ndege huwa na nafasi. Kule Ulaya ni majira ya kuchipua, baridi imelegea na mchana ni mrefu. Novemba pia huwa na nauli za chini, ila jua huzama mapema na baridi ni ya kung'ata.

Tumia Google Flights au Skyscanner kuona bei za mwezi mzima kwenye kalenda, kisha weka arifa ili upate ujumbe bei ikishuka. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla, hata kabla ya viza, ili ujue bei ya kawaida ya njia hiyo ni ipi. Bila kujua bei ya kawaida, huwezi kuitambua ofa. Ukipata safari unayoitaka, linganisha na tovuti ya shirika lenyewe. Kununua moja kwa moja kwa shirika kunakuepusha na kurushwa huku na kule ratiba ikibadilika. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipia kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay.

Ndege za moja kwa moja kutoka JKIA huenda miji kama Amsterdam, Paris, Frankfurt na London. Mara nyingi nafuu hupatikana kwa wanaokubali kubadilisha ndege Addis Ababa, Cairo, Istanbul au Doha. Addis ina faida nyingine: Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia, kwa hivyo ukiwa na saa nyingi za kusubiri unaweza kutoka ukala injera mjini. London ni tofauti. Mkenya anayebadilisha ndege pale kwa kawaida huhitaji viza ya kupitia, hata asipotoka uwanjani.

Kabla ya kulipa, hesabu gharama yote. Tuseme tiketi A ni Sh92,000 pamoja na begi la kilo 23, na tiketi B ni Sh84,000 bila begi. Kama begi ni Sh6,000 kwenda na Sh6,000 kurudi, ile iliyoonekana rahisi sasa ni Sh96,000.

Ndege za bei ya kutupa ndani ya Ulaya zina mitego ya aina hiyo. Nauli ya chini huja na begi dogo tu la kutoshea chini ya kiti. Viwanja navyo huwa mbali: uwanja wa Beauvais unaotumiwa na Ryanair na kuitwa wa 'Paris' uko takriban kilomita 80 kutoka jijini, karibu kama Nairobi na Naivasha. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa kando kando, ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haikusubiri wala hairudishi pesa.

Mfano wa Budapest

Wengi hufikiria Paris kwanza, lakini miji ya Ulaya ya kati ni rafiki kwa mfuko. Chukua Budapest, mji mkuu wa Hungary. Wanatumia sarafu yao, forint, na chakula na malazi kwa kawaida huwa nafuu kuliko Paris au Amsterdam. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, lakini unaweza kupitia Istanbul, Doha au Frankfurt.

Kutoka uwanjani, basi nambari 100E linakufikisha katikati ya mji. Kuna tiketi ya usafiri wa umma ya saa 72 inayokuruhusu kupanda tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi kadiri upendavyo. Laini ya kwanza ya treni hizo ilifunguliwa mwaka 1896 na bado inabeba abiria.

Mengi ya kuona hayalipiwi. Mto Danube unautenganisha upande wa Buda wenye vilima na upande wa Pest ulio tambarare, na Daraja la Minyororo lililofunguliwa mwaka 1849 ni la kuvukwa kwa miguu. Panda kilima cha Gellért jioni uone jengo la Bunge likiwaka taa ukingoni mwa mto. Pesa zako ziweke kwenye bafu za maji moto ya asili za Széchenyi, zilizofunguliwa mwaka 1913. Ukihisi njaa, ingia Soko Kuu ule lángos, mkate wa kukaangwa unaopakwa malai na jibini. Ni kama andazi kubwa lililopigwa bapa.

Ukitaka nchi ya pili, treni hukufikisha Vienna, Austria, kwa chini ya saa tatu, na viza ni ile ile. Hapo kuna ujanja mwingine: tafuta tiketi ya kuingilia Budapest na kurudia Vienna. Wakati mwingine bei haitofautiani sana, na unaokoa nauli na siku ya kurudi nyuma.

Panga kwa kalenda

Miezi sita kabla ya safari, hakikisha pasipoti iko sawa, chagua mji na uanze kufuatilia nauli. Miezi minne kabla, tafuta miadi ya viza, kwani nafasi hujaa haraka watu wanapojiandaa kwa likizo. Peleka maombi miezi mitatu hivi kabla. Viza ikitoka, soma tarehe na idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia, ndipo ulipe tiketi isiyorudishwa.

Ukifika mpakani, kuwa na nakala za bima, hoteli na tiketi ya kurudi mkononi, kwa sababu kuwa na viza hakumzuii afisa kukuuliza maswali. Tangu Oktoba 2025, Ulaya imeanza kusajili kwa mfumo wa kidijitali wageni wanaoingia na kutoka, kwa hivyo siku ulizozidisha hazifichiki.

Rudi nyumbani kwa wakati. Chini ya kanuni za Schengen, aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Akishaipata hiyo, naye ataweza kuona ofa Jumanne na kuwa hewani Ijumaa.