Kuchagua Mashine Ndogo ya Kuangulia Mayai

Wazee walisema kwamba kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Wafugaji wengi wa Kenya sasa wanunua mashine ndogo za kuangulia mayai, zile ziwezazo kukaa juu ya meza, wakitumaini kuyaondoa maneno hayo katika maboma yao. Tumaini hilo ni jema. Lakini yafaa mfugaji afahamu mapema kwamba mashine huponya shida moja tu katika hizo nne. Haitagi, wala hailei. Mtu anunuaye mashine bila kutengeneza mambo mengine aweza kupoteza mayai ya majuma mengi, pamoja na fedha ambazo zingaliweza kulipa karo ya mtoto.

HESABU KUKU KWANZA

Kuku wa kienyeji hulalia mayai 10 hadi 14 hivi, na wakati anapolalia na kulea hatagi. Faida ya mashine ni kwamba kuku huendelea kutaga, na mashine hufanya kazi ya kulalia. Walakini yai la kuangulia lisikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuwekwa katika joto, maana kila siku ipitayo baada ya hapo hupunguza uhai wake. Kwa hiyo ukubwa wa mashine na upimwe kwa mayai yapatikanayo kwa juma moja.

Mfugaji mwenye mitetea 10, ambao kila mmoja ataga mayai 3 au 4 kwa juma, hukusanya mayai 30 hadi 40. Mashine ya mayai 48 yamtosha kabisa. Akishawishiwa kununua ya mayai 200, ama itafanya kazi ikiwa karibu tupu, ama atayaweka mayai akiba mpaka yaharibike. Tena ni lazima awepo jogoo mmoja mwenye nguvu kwa mitetea 10 hivi, asiye wa ukoo wao. Mayai ya dukani, yatokayo kwa kuku wasiokaa na jogoo, hayawezi kutoa vifaranga hata katika mashine iliyo bora kuliko zote.

JOTO NDILO ROHO YA MASHINE

Kifaranga cha kuku hukua ndani ya yai kwa siku 21. Katika mashine yenye feni, joto lapaswa kukaa karibu na digrii 37.5 za sentigredi, usiku na mchana. Mashine isiyo na feni ni ya bei nafuu, lakini hewa ya moto hupanda juu na ya baridi hubaki chini. Kwa hiyo hutakiwa joto la digrii 38.5 hadi 39, likipimwa usawa wa juu ya mayai. Mwenye uwezo na achague ile yenye feni.

Joto likizidi ni hatari kuliko likipungua kidogo. Vifaranga walio ndani ya mayai huweza kuvumilia baridi kwa saa chache, bali joto la digrii 40 na zaidi huwaua upesi. Wala mfugaji asiamini namba za mashine peke yake. Aweke ndani kipimajoto kingine, baada ya kukilinganisha katika maji ya vuguvugu na kile cha kupimia homa.

Atazame pia kuta na usafi. Boksi jeupe jepesi, kama yale ya kubebea samaki na barafu, huhifadhi joto vizuri, lakini ni gumu kusafisha. Plastiki hukubali kuoshwa kwa urahisi, na ni lazima mashine ioshwe kila baada ya kuangua.

KUGEUZA NA UNYEVU

Mayai hugeuzwa walau mara 3 kwa siku mpaka siku ya 18, kisha huachwa yatulie. Karani aondokaye alfajiri na kurudi jioni afadhali anunue mashine igeuzayo yenyewe. Mtu akaaye nyumbani aweza kugeuza kwa mkono, akitia alama ya penseli kwenye kila yai ili asikose hata moja.

Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha upandishwe hadi 65 au 70 ili ganda lisimkaukie kifaranga. Mtu wa Mombasa, ambako hewa ina unyevunyevu, hutia maji kidogo. Mtu wa Nyahururu, kwenye mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, hutia maji zaidi na hawezi kuziba matundu ya hewa, kwa kuwa huko juu hewa ni nyembamba.

UMEME UKIKATIKA

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize mambo matatu: kama mashine ni ya umeme wa volti 240 utumikao Kenya, kama yaweza pia kutumia betri ya volti 12, na kama vipuri vyake hupatikana karibu. Umeme ukikatika, mashine isifunguliwe, bali ifunikwe kwa blanketi bila kuziba matundu. Mahali ambapo umeme hukatika kila mara, mashine bila betri ni hasara.

KULEA

Nyumba ya vifaranga iwe tayari kabla mayai hayajaingia katika mashine. Juma la kwanza vifaranga huhitaji joto la digrii 32 hadi 35, kisha hupunguzwa digrii 3 hivi kila juma. Wachanjwe ugonjwa wa kideri kama afisa wa mifugo aagizavyo, na wazungushiwe wavu, kwa sababu mwewe hajali kama kifaranga aliangulia chini ya mama yake au ndani ya mashine.

Mashine mpya iwashwe ikiwa tupu kwa siku mbili, na joto liandikwe daftarini asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku. Likiyumba, irudishwe dukani kabla yai lolote halijaingia. Likitulia, mfugaji aanze na mayai machache, ayatazame kwa mwanga wa tochi siku ya 7 na ya 14, na kuyatoa yasiyo na uhai. Atakayeshika hesabu hiyo kwa mara mbili au tatu atajua kwa hakika kama mashine yake yastahili kujazwa.