Mcheza Kwao Hutunzwa: Fedha za Ngoma na Sanaa Vijijini

Bwana na Bibi mkulima, ukurasa huu umezoea kukueleza habari za kahawa, majani chai, lishe ya ng'ombe na bei ya maziwa. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya zao la namna nyingine, nalo ni ngoma, nyimbo, michoro na hadithi za wazee. Usicheke. Zao hili nalo lahitaji shamba, mbegu, mbolea na daftari la hesabu, na likiachwa bila kutunzwa hufa kama mti wa kahawa uliosahauliwa katika magugu.

Swali lililo katika vikundi vingi ni hili: "Twataka kununua ngoma na nguo za kuchezea, na kuwalipa nauli wazee wanaotufundisha. Fedha tutapata wapi?" Ni swali zuri. Tulijibu hatua kwa hatua.

Kwanza fahamu kwa nini jambo hili lina haraka. Watu wa skimu hawakutoka mahali pamoja. Huyu alitoka Kangema, yule Kandara, mwingine Nyeri au Kirinyaga, na kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao. Chukua gicandi kwa mfano. Hicho ni kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje, na wachezaji wawili hukitumia kushindana kwa mafumbo, mmoja akitega na mwenzake akitegua. Leo wanaokijua ni wachache mno. Mzee mmoja wa namna hiyo akifariki katika skimu yenu, hamna duka mtakalokwenda kununua alichokijua.

HAZINA ILIYO MLANGONI

Watu wengine hudhani sanaa ni mali ya Nairobi. Si kweli. Katika mji wa Murang'a, uliokuwa ukiitwa Fort Hall, liko kanisa la kumbukumbu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliliwekea jiwe la msingi mwaka wa 1955, na lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Ndani yake zimo picha kubwa tano za ukutani zilizochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, kijana aliyezaliwa Marangu, Tanganyika, akasoma Makerere. Alichora maisha ya Yesu tangu kuzaliwa mpaka kusulubiwa, lakini watu wake ni Waafrika, na vilima wanavyovikanyaga ni vilima hivi hivi unavyoviona ukisimama shambani mwako.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Njau hakuwa mwenyeji wa Murang'a. Kanisa lilitoa ukuta na kazi, msanii akatoa mkono wake, na nchi ikatoa sura yake. Huo ndio ushirika katika sanaa: kila mmoja huleta alicho nacho, na kitu kinachopatikana hudumu kuliko wote waliokileta.

Tena Kangema ndiko alikozaliwa Joseph Kamaru mwaka wa 1939, mwimbaji ambaye sauti yake ilijulikana kila nyumba yenye redio, mpaka alipofariki Oktoba 2018. Na mwomboko, ile ngoma ya kodiani na karing'aring'a wanayoipenda wazee wetu, ilienea tangu miaka ya 1940 bila mtu yeyote kupewa mradi. Basi usiseme kwenu hakuna kitu.

WALIOJENGA KWA MIKONO YAO

Mfano mkubwa wa kazi ya sanaa ya kijiji uko karibu nasi, huko Kamirithu, Limuru, katika Kiambu. Mwaka wa 1976 wenyeji walianza masomo ya watu wazima katika kituo chao cha elimu na utamaduni. Baadaye wakataka mchezo wa kuigiza, nao Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wakaandika "Ngaahika Ndeenda" kwa lugha ya Kikuyu. Wanakijiji wenyewe walikosoa maneno ya mchezo, wakafundishana nyimbo, na wakajenga uwanja wa maonyesho ulio wazi, wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwanda na wa mashamba ya chai.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977. Watu walijaa. Lakini mwezi wa Novemba serikali ya wakati huo iliufutia kibali, na tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa humo karibu mwaka mzima. Machi 1982 kituo kilifutiwa uandikishaji wake, na uwanja ule ukabomolewa.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza: kijiji chaweza kufanya kazi kubwa kwa jasho lake, bila kungoja tajiri. La pili: kazi ya miaka yaweza kuondolewa kwa siku moja ikiwa hakuna sheria ya kuilinda. Leo sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inaitaka serikali kuukuza kwa fasihi, sanaa, sherehe za jadi na njia nyingine. Ni haki yako. Lakini haki isiyodaiwa hukaa kitabuni tu.

MJUE ANAYEKUPA

Mwaka wa 1963 mwandishi wa Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele, alianzisha kituo cha Chemchemi huko Nairobi. Kilikuwa na michezo ya kuigiza, mafunzo ya waandishi na maonyesho ya picha, na kilifanya kazi njema. Fedha zake zilitoka kwa shirika la ng'ambo lililoitwa Congress for Cultural Freedom. Katika mwaka wa 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba shirika hilo lilikuwa likipata fedha kwa siri kutoka kwa idara ya ujasusi ya Marekani. Wasanii wengi wa Afrika waliopokea msaada wake hawakujua.

Sisemi kwamba kila mfadhili ana siri mfukoni. Nasema uulize. Ukinunua mtamba humwangalia meno na kiwele, tena huuliza alikotoka. Uliza vivyo hivyo juu ya fedha: ni za nani, zimetolewa kwa nia gani, na zitakoma lini?

Elimo Njau, yule mchoraji wa Murang'a, alianzisha pamoja na wenzake kituo cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka wa 1965. Mwaka wa 1997 moto uliteketeza kituo hicho na picha nyingi. Lakini mizizi yake haikuwa katika fedha peke yake, na kituo kiliinuka tena baada ya moto. Jambo linaloshikwa na watu huchipuka tena. Lililoshikwa na hundi tu hufa hundi ikikoma.

FEDHA YA UMMA INA MSIMU WAKE

Tangu mwaka wa 2013 tuna serikali za kaunti. Katika Jedwali la Nne la Katiba, kazi za kaunti ni pamoja na ukulima na shughuli za utamaduni, na humo yametajwa maktaba na makumbusho. Kwa hiyo serikali inayokuletea Bwana Shamba ndiyo hiyo hiyo inayopasa kusikia habari za ngoma yako.

Lakini fedha ya kaunti, kama mahindi, hupandwa kwa wakati wake. Ikate kalenda hii uibandike ukutani:

Kufikia tarehe 30 Agosti, kaunti hutoa maagizo ya kutengeneza bajeti ya mwaka ujao.
Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti.
Kufikia tarehe 28 Februari, hupelekwa mpango wa mapato na matumizi, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
Kufikia tarehe 30 Aprili, hupelekwa makadirio yenyewe.
Tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha huanza.

Umeona? Atakayeleta ombi mwezi wa Juni ni kama mtu apandaye mvua ya masika ikiisha kunyesha. Ombi la kazi itakayoanza Julai yafaa lipandwe kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia, kisha lipaliliwe katika mabaraza ya wananchi ambayo sheria inataka yafanywe. Siku ya baraza msiende watu wawili tu mkanung'unika nyuma. Nendeni kikundi kizima, na mmoja wenu asome maombi yenu yakiwa yameandikwa: jina la kikundi, kazi mnayotaka kufanya, gharama, na kile mlichokwisha changa ninyi wenyewe. Mwakilishi wa wadi apewe nakala, na ninyi mbaki na nakala.

WASHIRIKA WA NJE

Yako pia mashirika ya ng'ambo yanayosaidia utamaduni. Kenya ilitia mkono mikataba miwili ya UNESCO mwaka wa 2007, mmoja wa kuhifadhi urithi usioshikika, kama nyimbo na desturi, na mwingine wa kukuza kazi za sanaa za namna mbalimbali. Mwaka wa 2014 ngoma ya Isukuti, ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliandikwa katika orodha ya dunia ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka.

Na mwaka wa 2021 kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili iliandikwa na UNESCO katika daftari la mifano mizuri ya kuigwa. Hapo ndipo utamaduni na shamba hukutana. Wanafunzi na wazee walishirikiana na wataalamu kuandika majina ya vyakula, namna ya kuvipanda na namna ya kuvipika. Mama anayejua kupanda na kupika njahi, terere, managu na nduma ana elimu ya utamaduni, na elimu hiyo yaweza kuwa mradi.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Vikundi vingi havivunjiki kwa kukosa fedha. Huvunjika siku fedha zinapofika. Kwa hiyo fanyeni haya kabla ya kuomba hata senti:

1. Kiandikisheni kikundi katika afisi ya maendeleo ya jamii, kwa mujibu wa sheria ya vikundi ya mwaka wa 2022. Muwe na katiba fupi, inayosomwa kwa sauti mbele ya wote.

2. Changeni kwanza ninyi wenyewe. Tuseme mko watu 25, na kila mmoja atoa shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mwezi ni shilingi 2,500, na kwa mwaka ni shilingi 30,000. Mshirika akikubali kuongeza shilingi kwa shilingi, mna 60,000. Mshirika mwema hupenda kuongeza juu ya kitu, hapendi kumimina katika kibuyu kilichotoboka.

3. Fungueni hesabu katika benki, na fedha zisitoke bila sahihi zaidi ya moja. Kila matumizi yawe na risiti, hata ya nauli ya mzee.

4. Hesabu zisomwe mkutanoni kila baada ya miezi mitatu. Asiyejua kusoma asomewe. Akiuliza swali, asiambiwe anyamaze.

5. Tenganisheni msaada na mkopo. Msaada haurudishwi, mkopo hurudishwa, mara nyingi na faida juu yake. Msitie kidole katika karatasi kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

6. Jueni nani atamiliki kazi. Mtu akija kurekodi nyimbo zenu au kupiga picha ngoma yenu, iandikwe nani atauza na nani atalipwa. Sheria ya mwaka wa 2016 juu ya elimu ya jadi na sanaa za jadi inataka wenyewe waelezwe kwanza na wakubali. Kazi mpya mliyoitunga yalindwa na sheria ya hakimiliki ya 2001, na yaweza kuandikishwa katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Jambo la mwisho lahusu mahali patakatifu. Pale Mukurwe wa Nyagathanga, ambapo Wakikuyu husema ndipo nyumbani kwa Gikuyu na Mumbi, lilianzwa jengo la hoteli zamani likaachwa bila kumalizika. Kabla ya kuleta simiti penye mizizi ya watu, waulizeni wenye mizizi. Fedha yaweza kujenga ukuta. Maana ya mahali yatoka kwa wazee, na wazee hawanunuliwi kwa zabuni.

Basi, mkulima, fanya jambo moja kabla ya mwezi huu kwisha. Itisha mkutano wa jirani zako baada ya kukama jioni. Andikeni majina ya wazee wanne katika skimu yenu wanaojua nyimbo, hadithi, uchongaji au mapishi ya zamani. Mkubaliane nani atakwenda kwao Jumamosi akiwa na daftari na kalamu, na mtoto wa shule afuatane naye. Kazi hiyo haihitaji mfadhili yeyote. Kisha, mfadhili au kaunti watakapouliza, "Mna nini?", mtakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini sharti kwanza acheze.