Zana huria za watengeneza mifumo na hesabu ya Sumbawanga

Mfumo mdogo wa mauzo, wa ghala au wa ada za shule katika mji kama Sumbawanga kwa kawaida hujengwa kwa zana zisizolipiwa leseni: lugha ya PHP iliyotoka mwaka 1995 au Python ya 1991, hifadhidata ya MariaDB au SQLite, na seva ya Linux pale mfumo unapokaa mtandaoni. Leseni za zana hizi zinaruhusu matumizi ya kibiashara, na mteja hadaiwi ada mwaka unaofuata. Kwa wafanyabiashara wa Ufipa, nyanda zinazouzunguka mji huu, ambao fedha yao huingia kwa msimu wa mahindi na maharage na kukauka miezi mingine, hilo la kutodaiwa ada ya kila mwaka lina uzito kuliko sifa nyingine zote za programu huria.

Hata hivyo gharama ipo, na inaanzia kwenye bando la intaneti. Bei elekezi zilizotangazwa mwaka 2021 ziliweka megabaiti moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Zana za kutengenezea programu za Android, pamoja na simu ya majaribio inayoendeshwa ndani ya kompyuta, zinafika gigabaiti kadhaa. Kwa bei hizo, gigabaiti 3 peke yake ni kati ya shilingi 6,200 na 28,700, kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa. Toleo jipya likitoka, sehemu kubwa ya mzigo huo hupakuliwa upya. Ndiyo sababu bando la usiku na flashi inayopita mkono kwa mkono bado vina kazi, ingawa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulishafika mjini.

Afisa wa serikali akiulizwa kuhusu hali ya mtandao, aghalabu hujibu kwa idadi ya laini za simu: zaidi ya milioni 70 nchini mwishoni mwa 2023. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kati yao 1,540,519 wako Rukwa, mkoa wa Sumbawanga. Laini zinapozidi watu, vichanga wakiwemo, kinachoonekana ni kwamba wengi wanabeba laini mbili au tatu. Takwimu hiyo haisemi kama kijiji cha bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kinaweza kupakua faili kubwa bila kukatika. Takwimu za maeneo yaliyofikiwa na mawimbi nazo hazisemi hilo. Anayepima mfumo wake kwa namba hizo peke yake ana hatari ya kujenga kitu kitakachogoma katika mji mdogo wa Laela katikati ya msimu wa kununua mahindi. Umeme nao una mashaka yake: kwa miaka mingi mji umetegemea unaovuka mpaka kutoka Zambia, ukisaidiwa na majenereta ya dizeli.

Kwa hiyo zana zenye faida kubwa uwandani humu ni zile zisizohitaji mtandao kila saa. SQLite, iliyoanza mwaka 2000, huweka hifadhidata nzima ndani ya faili moja. Karani wa ghala huandika jina la mkulima, idadi ya magunia, kilo na bei kwenye laptopu. Jioni faili hilo hunakiliwa kwenye flashi na hesabu ya siku imehifadhika mahali pawili. Hakuna seva ya kulipia. Git, iliyotengenezwa mwaka 2005, ina faida inayofanana na hiyo: kila nakala ya msimbo hubeba historia yote ya mabadiliko, na watu wawili wanaweza kubadilishana kazi kwa flashi bila kugusa intaneti. Wengi huijua Git kupitia hifadhi za mtandaoni tu, hivyo bando likiisha kazi nayo husimama, bila sababu ya kiufundi. Kwa upande wa masomo, Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia na maktaba nyingine bila mtandao, zikishapakuliwa mara moja.

Lugha ni kikwazo kingine. Mwaka 2004 ilizinduliwa jijini Dar es Salaam Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na ikathibitika kwamba programu huria hutafsirika bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Miongozo ya watengeneza programu, hata hivyo, karibu yote imebaki kwa Kiingereza, na kijana anayejifunza peke yake hupoteza muda mwingi hapo.

Malalamiko mazito zaidi yanatoka kwa wateja. Mfanyabiashara mmoja wa pembejeo na mahindi mjini Sumbawanga anaeleza kuwa alilipia mfumo wa ghala, akautumia misimu miwili, kisha fundi akahamia Mbeya. Neno la siri la seva lilikuwa kwa fundi. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Seva yenyewe ilikuwa ya ofa ya majaribio, isiyolipiwa kwa muda. Muda ulipokwisha ilidai malipo kwa dola na kwa kadi, ambayo mfanyabiashara hakuwa nayo, na kumbukumbu za madeni ya mbolea zikafungiwa huko. Baadaye akaambiwa kuwa zana zote zilizotumika hazikununuliwa, na sasa anauliza alilipia nini. Kwa hilo la mwisho hana haki: alilipia ujuzi na muda wa mtu. Kwa mengine yote haki ni yake. Leseni huria haimlindi mteja asiyekabidhiwa msimbo, nakala ya hifadhidata na funguo za seva, na makubaliano ya mdomo hayataji hata kimoja.

Hasara hiyo ina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inambebesha wajibu anayekusanya majina na namba za simu za watu, na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Seva nyingi za ofa ziko nje. Daftari la wakulima wanaodaiwa mbolea ni taarifa za aina hiyo hiyo.

Mbele hakuna uhakika. Serikali yenyewe inatumia zana huria, mfano DHIS2 yenye asili ya Norway inayokusanya takwimu za afya nchini, lakini kazi za kuitunza hazielekei kushuka hadi Sumbawanga. Programu za akili mnemba zinazosaidia kuandika msimbo zinapunguza kikwazo cha Kiingereza, kwa sababu huelewa Kiswahili kiasi, ila nyingi zinataka mtandao muda wote na huweka kikomo kwa asiyelipa. Njia mpya ya umeme kutoka upande wa Tunduma huenda ikapunguza kukatika kwa umeme. Bei ya bando ni ngumu zaidi kuitabiri, na hadi itakaposhuka, mfumo wa faili moja kwenye laptopu ya ghalani utaendelea kuwa chaguo salama kwa mnunuzi wa mahindi kuliko ule wa seva ya mbali.