Sanduku la Mtoto

Mama, je, umehesabu miezi yako? Kama mwezi wa sita wa mimba umekwisha, wakati wa kushika sindano umefika. Nawe baba, usifunge kitabu hiki. Kazi yako imo pia.

Sisi wa Kasha, upande wa Bagira, tunakaa mlimani. Mji wa Bukavu uko juu, karibu mita 1,500 kupita bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku baridi huingia katikati ya mbao za nyumba. Mtu mzima hujifunika blanketi akalala. Mtoto aliyezaliwa leo hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto. Anatoka tumboni akiwa amelowa, ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa kuliko vile mwili wake ulivyo. Joto humtoka upesi kwa njia ya kichwa hicho. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya digri 36.5 na 37.5. Likishuka, mtoto analegea na kuacha kunyonya. Asiponyonya, anazidi kupoa. Wale waliozaliwa wadogo, chini ya gramu 2,500, ndio wa kwanza kupatwa na hatari hii.

Nilimtembelea mama mmoja aliyezaa siku tatu zilizopita. Baba wa mtoto alikuwa amekopa pesa akanunua gauni jeupe lenye lesi, viatu vidogo, na mto ulioshonwa maua. Vitu hivyo vyote vilikuwa ndani ya plastiki juu ya meza, vikingoja wageni. Mtoto mwenyewe alikuwa amefungwa kikwembe kimoja kilicholowa mkojo, kichwa kikiwa wazi. Nilishika miguu yake. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Wazazi hawa hawakuwa wazembe, walimpenda mtoto sana. Lakini walitengeneza vitu vya macho ya jirani, na deni lilikuwa limebaki. Tulimvua mtoto, tukamkausha, tukamweka kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, tukamvika kichwani mkono wa sweta kuukuu ya baba. Jioni alinyonya.

Basi anza na kofia. Tafuta fulana ya pamba iliyochakaa, ile inayovutika. Kichwa cha mtoto mchanga huwa na mzunguko wa karibu sentimita 35. Kata karatasi yenye upana wa sentimita 19 na urefu wa 18, viringisha pembe mbili za juu, kisha iweke juu ya kitambaa na ukate vipande viwili. Shona pande na juu, kunja sentimita mbili chini, geuza mshono uwe ndani. Nusu saa imetosha. Shona tatu, maana moja italowa na moja itakuwa kwenye kamba. Usitie kamba ya kufunga shingoni, wala kifungo, wala ushanga. Kamba hunyonga, na kifungo kikikatika mtoto hukitia kinywani.

Halafu nepi. Usinunue kikwembe kipya kwa kazi hii! Kipya kina ugumu, na maji huteleza juu yake. Kile ulichofua miaka minne au mitano ndicho kilicho laini na kinachokunywa maji. Kikwembe kimoja cha yadi mbili kina urefu wa karibu sentimita 183 na upana wa 116 hivi. Kunja upana mara mbili na urefu mara tatu, ukate penye mikunjo: utapata vipande sita. Vikwembe viwili vinatoa nepi kumi na mbili. Pinda kingo zote, zisije zikafumuka nyuzi, kwa maana uzi mmoja ukijifunga kwenye kidole cha mguu cha mtoto unaweza kuzuia damu. Wakati wa mvua, ambao kwetu ni kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, kumi na mbili hazitoshi, kwa sababu hazikauki. Omba kikwembe cha tatu kwa mama mkwe wako. Nailoni usiiguse: hainyonyi maji, na karibu na moto inayeyuka.

Tenga vitambaa vitatu vikubwa na safi ambavyo havitakuwa nepi kamwe. Cha kwanza ni cha kumkausha mtoto mara anapotoka, cha pili ni cha kumfunika akiwa kifuani pako, na cha tatu ni cha akiba. Usiruhusu aoshwe siku hiyo. Angoje saa 24. Najua bibi zetu hawapendi neno hili. Waambie kwa upole kwamba kumpangusa kunatosha, na kwamba maji humnyang'anya joto lake.

Kuna kitambaa kingine ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, waganga walikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati, na mashini za joto hazikutosha. Wakawafunga watoto kifuani pa mama zao, usiku na mchana. Leo njia hii hufundishwa duniani kote. Sisi tumezoea kubeba mgongoni. Hapa mtoto anakaa mbele, kati ya maziwa, amevaa kofia na nepi tu. Chukua kikwembe kimoja, kunja mara mbili kwa urefu, pinda kingo, kiwe mkanda mpana wa kumzunguka mtoto na mama pamoja. Baba naye anaweza kumbeba hivyo mama anapooga au kulala. Kifua chake kina joto lilelile.

Na tuseme juu ya baba. Bukavu imejaa mafundi wa kushona, na wengi wao ni wanaume, lakini mwanaume huyo huyo akifika nyumbani anasema sindano ni kazi ya mwanamke. Ajabu! Mwenye mashini ashone, asiye na mashini atengeneze sanduku. Kipande cha ubao au karatoni ngumu yenye kifuniko inafaa, iwe mbali na moshi na panya. (Ndugu zetu wa pwani watacheka, maana kwao kasha ndilo jina la sanduku.)

Kwa fundi omba pia vipande vinavyoanguka chini. Vikiunganishwa juu ya blanketi kuukuu vinatoa kifuniko kizuri cha rangi nyingi. Upande wa pili wa mji kuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999. Katika nyumba yake iitwayo Maison Dorcas wanawake wengi wamejifunza kushona, kusuka vikapu na kutengeneza sabuni, na kwa kazi hizo wakapata kulisha watoto wao. Mwezi wa pili wa 2025, vita ilipoingia mjini na benki zikafunga milango, aliyejua kushona alikuwa na kitu cha kufanya.

Mto wa maua uache sokoni. Mtoto mchanga hulala chali bila mto, na kifuniko kisifike usoni.

Kisha mbabula. Watu huiweka ndani ili mtoto apate joto, mlango umefungwa. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua nyumba nzima usingizini. Cheche moja nayo yatosha kuchoma nyumba za mbao. Iache nje. Kofia, kifua cha mama na nepi kavu vinafanya kazi ile bila sumu.

Fua kila kitu kwa sabuni, anika juani, piga pasi pande zote. Katika sehemu nyingi za Afrika kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizolowa, na funza wake huingia ngozini. Pasi yenye moto huyaua. Panga sandukuni: kofia juu, vitambaa vitatu chini yake, nepi, na mkanda. Ufikapo mwezi wa nane, liweke karibu na mlango, karatasi yako ya kliniki ikiwa juu kabisa. Njia za kilima chetu zikilowa mvua huteleza, na mtu hawezi kupanda mara ya pili kutafuta kilichosahauliwa. Usilitie kufuli. Usiku ule hakuna atakayejua ufunguo uko wapi.