Sayansi ya Nano Haikai Idara Moja

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za dhahabu zenye nanomita chache zikitawanywa majini huonekana nyekundu, si manjano. Fizikia hueleza sababu, kemia hutengeneza chembe hizo, na biolojia huchunguza kama ni salama mwilini. Mwanafunzi wa uzamivu anayefungiwa katika idara moja huona upande mmoja tu. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilianza, kupitia mpango wa IGERT, kufadhili mafunzo ya uzamivu yanayovuka idara, nano ikiwemo.

Wapo wanaoonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Hofu hiyo ina uzito, lakini mafunzo mazuri hayamng'oi mwanafunzi katika fani yake. Humzoesha kufanya kazi na wa fani nyingine. Tazama chujio la maji la Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Tanzania, linalounganisha nanomateria na mchanga, lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Kemia pekee isingetosha: lazima kujua uchafu wa maji ya kila eneo, na bei ambayo kaya inaimudu. Vyuo vyetu vifungue milango kati ya idara sasa.